Kufanya Kazi ya Tiba ya Muziki Dodoma: Mwongozo Kamili, Kuanzia Barua ya Kwanza

Kila mwezi huwa napata swali lilelile kutoka kwa vijana wa kwaya: "Napiga kinanda vizuri, naweza kuwa mtaalamu wa tiba ya muziki?" Kinanda kitakusaidia sana. Lakini kitakachokufanya uitwe tena wiki ijayo ni faili: rufaa iliyoandikwa (maelezo ya daktari au mwalimu anayekutumia mtu), lengo linalopimika, na kumbukumbu za kila kipindi ambazo muuguzi au mwalimu anaweza kuzisoma ukiwa haupo. Nimeshuhudia vikundi hodari vya ngoma vikikaribishwa wodini siku ya sikukuu, vikapigiwa makofi na vigelegele, na habari ikaishia hapo. Nimeshuhudia pia mtu mwenye sauti ya kawaida tu akihitajiwa kila Jumanne mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa anaona kwa tarakimu kile anachokifanya.

Mwongozo huu nimemwandikia aliye Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, hata Manyoni na Singida, anayetaka kuifanya kazi hii kwa dhati na kukua ndani yake.

Ielewe kazi kabla ya kuiomba

Tiba ya muziki hutumia muziki kwa mpango maalumu ili mtu afikie lengo lililo nje ya muziki: kutembea baada ya kiharusi, kutamka neno, kusubiri zamu, kutulia, kulala, kulia msiba uliokwama kifuani. Mgonjwa akijifunza kupiga ngoma vizuri ni furaha, ila hilo halikuwa lengo lako. Ukishindwa kutaja lengo bila kutumia neno "wimbo" au "ngoma", bado hujawa tayari kuanza.

Kama taaluma ya chuoni, kazi hii ina umri wa miaka 80 na ushei. Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani kilianzisha masomo yake mwaka 1944, wakati wa vita, na chama cha kwanza cha kitaifa huko kikaundwa mwaka 1950. Uingereza, Paul Nordoff na Clive Robbins walianza mwaka 1959 kufanya kazi na watoto wenye ulemavu, wakijenga muziki papo hapo kufuata kila sauti ambayo mtoto anaitoa. Shirikisho la dunia la taaluma hii likazaliwa mwaka 1985. Nayataja haya kwa sababu utaulizwa na daktari, na ni vizuri ujibu bila kubabaika.

Chagua mlango wa kuingilia

Sijawahi kuona tangazo la ajira serikalini lenye cheo hiki, wala sikushauri ukae ukilisubiri. Ingia kwa kada inayotambulika, kisha uifanye tiba ya muziki kuwa ujuzi wako wa pili. Milango ninayoipendekeza ni uuguzi wa afya ya akili, ambao Dodoma unafundishwa palepale kwenye hospitali ya Mirembe. Ualimu wa elimu maalumu, ambao jina lake kubwa ni Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Ustawi wa jamii. Au upande wa utengamao, yaani fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) na tiba kwa vitendo (kumzoeza mgonjwa shughuli za kila siku), ambako hospitali ya KCMC Moshi imefundisha watu kwa miaka mingi. Ukiniuliza mmoja tu, nitakwambia elimu maalumu. Mwalimu anao watoto haohao kila siku ya juma, na mabadiliko ya mtoto huonekana kwa kurudiarudia.

Upande wa muziki, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Usa River kina shahada ya muziki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za ubunifu, na TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, inafundisha ngoma na ala za asili.

Kwa masomo ya tiba yenyewe, mlango uliozoeleka zaidi barani Afrika ni shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Jiandae kuonyesha msingi wa muziki na wa saikolojia, na kupimwa kwa kupiga ala. Nchi hiyo huwasajili wataalamu wa tiba za sanaa kupitia baraza lake la taaluma za afya. Marekani hudai saa 1,200 za mafunzo ya vitendo kabla ya mtihani wa bodi. Uingereza hudai shahada ya uzamili na usajili, na jina la taaluma linalindwa na sheria. Ukirudi na shahada ya nje, ipeleke TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) itambuliwe kabla hujaanza kuomba kazi.

Hadi utakapofika huko, usijiite mtaalamu wa tiba. Jiite mwezeshaji wa muziki, au "mwalimu anayetumia muziki". Na usikubali kabisa kuitwa daktari au mganga. Kwetu hapa, mtu anayepiga ngoma karibu na mgonjwa hufikiriwa haraka kuwa anapunga pepo, na waganga wa tiba asili wana baraza lao la usajili. Ieleze kazi yako kwa sentensi mbili za Kiswahili chepesi, na uzirudie sentensi hizohizo kila unapoulizwa na ndugu wa mgonjwa.

Jifunze muziki wa watu unaowahudumia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi waliosoma vizuri hukwama.

Dodoma ni nchi ya Wagogo, na muziki wao una jina duniani. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliutoa huku akaupeleka Bagamoyo na kwenye majukwaa ya Ulaya. Una zeze la nyuzi, una ilimba, sanduku lenye vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, ambayo wengi mjini huiita marimba, una filimbi, na una muheme, ngoma zinazopigwa na akina mama zikiwa zimeshikiliwa katikati ya mapaja. Una pia uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana, ambao bibi wa kijijini anaufanya bila kufundishwa darasani.

Ukichukua wimbo wa Kigogo ukauwekea kinanda chini yake, utasikia kitu kinagongana. Masikio yako ni mazima. Ngazi ya sauti ya Kigogo inatokana na sauti ndogondogo zinazojitokeza ndani ya mlio mmoja wa uzi, ukizihesabu kutoka chini, kuanzia ya 4 hadi kwenye ya 9. Ile ya 7 iko chini ya noti ya kinanda iliyo jirani yake kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua kati ya kibonyezo kimoja cha kinanda na kinachofuata. Mzee mwenye miaka 70 ataisikia tofauti hiyo hata kama kumbukumbu nyingine zimempotea, na atanyamaza. Mwimbie bila ala, au na zeze, au na mapigo ya mikono tu, uone kama hatafungua mdomo.

Usiwafanye watu wote wa Dodoma kuwa Wagogo, lakini. Tangu serikali ihamie, Nzuguni na Kisasa utakuta Mhaya, Mnyakyusa na Mmakonde kwenye ua mmoja. Kondoa utakutana na Warangi, Singida na Wanyaturu. Kijana wa miaka 19 aliyelazwa kwa kuchanganyikiwa huenda anataka singeli au bongo fleva, na wimbo wa babu yake hautamfikia.

Kwa hiyo, kabla ya kipindi cha kwanza, nauliza familia maswali haya: Alikuwa anaimba wapi, kanisani, kwenye kaswida, shambani au hakuimba kabisa? Wimbo gani unamtuliza? Wimbo gani hataki kuusikia, na kwa nini? Kuna ngoma ambayo kwa mila yenu haipaswi kupigwa mbele ya watu? Kuna kifafa, au matatizo ya masikio?

Swali la tatu nililipata kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye kituo kimoja, nilianzisha wimbo wa dini nilioamini kila mtu anaupenda. Mama mmoja aliinama, akaanza kutetemeka. Ndio wimbo ulioimbwa siku ya kumzika mwanawe. Sikuwa nimeuliza, na hakukuwa na muuguzi karibu. Ilichukua wiki tano kabla hajakubali kuketi tena katika chumba nilichomo.

Swali la nne nalo lina uzito. Nyimbo za jando na unyago zina wenyewe na zina mahali pake. Ukitaka kutumia mapigo ya muheme, waombe ruhusa akina mama wakubwa wa eneo hilo, na kama inawezekana mmoja wao awe ndiye mpigaji. "Mbukwenyi" yako, salamu ya Kigogo, na dakika kumi za kukaa nao chini zitakufungulia mengi.

Barua, rufaa na ridhaa

Anza na mahali pamoja tu. Dodoma ina Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanza miaka ya 1920. Ina Hospitali ya Benjamin Mkapa na hospitali ya rufaa ya mkoa. Ina shule ya wasioona Buigiri, Chamwino. Ina vituo vya watoto wenye ulemavu vinavyoendeshwa na mashirika ya dini. Usipeleke barua kote kwa siku moja.

Barua iwe ya ukurasa mmoja kwa mganga mfawidhi au mwalimu mkuu: wewe ni nani, una sifa gani, unaomba vipindi vingapi, kwa kundi gani, nani kati ya watumishi wao atakuwapo chumbani, na utawapa ripoti lini. Omba wiki 12. Muda mfupi zaidi hauonyeshi kitu, na mrefu zaidi huwatia watu hofu kwamba utageuka mzigo.

Usimpokee mtu bila rufaa iliyoandikwa, hata kama ni mistari mitatu kwenye karatasi ya daftari. Ridhaa iwe ya maandishi, kwa mtoto itolewe na mzazi au mlezi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo video ya mgonjwa akicheza kwa furaha haiendi kwenye status yako ya WhatsApp, hata ukiziba uso wake.

Kipindi chenyewe

Dakika 30 hadi 45 zinatosha. Fungua kwa wimbo uleule wa kukaribishana kila siku, funga kwa wimbo uleule wa kuagana, na katikati ufanye kazi moja au mbili. Anza pale mtu alipo: aliye na huzuni umwanzie polepole na chini, aliyechangamka kupita kiasi umwanzie kwa kasi yake, halafu umsogeze kidogokidogo.

Nitaeleza mtoto mmoja. Alikuwa na miaka 6, ana usonji, haongei, na bibi yake ndiye aliyekuwa akimleta. Nilimletea ilimba. Nilipobonyeza vyuma viwili tu aliziba masikio akaingia chini ya benchi. Wiki ya pili, hivyohivyo. Nilikuwa nimeshaandika kwenye faili kwamba hapendi ala za asili. Bibi akaniambia taratibu, "Mwanangu, mbona anachokimbia ni huo mlio wa nzi?" Ilimba ina vitobo vilivyozibwa kwa utando mweupe wa buibui, na utando huo ndio unaounguruma juu ya kila noti. Kwetu sisi huo ndio utamu wake. Kwa yule mtoto ulikuwa kama sindano. Nikaubandua, nikabandika gundi ya karatasi juu ya vitobo. Alitoka chini ya benchi akaja kuweka kidevu juu ya sanduku, akausikia mtetemo kwa mfupa. Tangu siku hiyo kazi yetu ikawa moja: napiga vyuma vitatu, nanyamaza, nasubiri, na yeye anapiga cha nne.

Mwisho wa siku niliandika hivi:

"Kipindi cha 6, Jumanne, dakika 35. Lengo: kusubiri zamu. Kati ya nafasi 10 alisubiri bila kushikwa mkono mara 4 (wiki iliyopita mara 2). Aliziba masikio mara 1, pikipiki ilipopita. Alimtazama bibi usoni wakati wa wimbo wa kuaga. Wiki ijayo: muda wa kusubiri uongezwe kutoka sekunde 3 hadi 5."

Kumbukumbu yako isizidi hapo. Andika ulichokiona na ulichohesabu, kabla hujapanda daladala. "Alifurahi sana" haimsaidii mtu yeyote.

Kwa aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, anayeelewa unachosema lakini maneno hayatoki, kuna mbinu iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970, ya kuyaimba maneno kwa noti mbili tu, ya juu na ya chini, huku ukigonga mkono wake wa kushoto mara moja kwa kila silabi. Kiswahili kinaipokea vizuri kwa sababu mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. "Nataka maji": *na* chini, *ta* juu, *ka* chini, *ma* juu, *ji* chini. Kwanza unaivumisha wewe mdomo ukiwa umefungwa, kisha mnaimba pamoja, kisha unapunguza sauti yako akiwa bado anaendelea, kisha anaimba baada yako, na mwishowe unamuuliza "Unataka nini?" naye anajibu. Chagua maneno anayoyahitaji leo: maji, choo, jina la mkewe. Mbinu hii hudai kurudiwa karibu kila siku, kwa hiyo mfundishe ndugu anayeishi naye. Palipo na mtaalamu wa matamshi, fanya chini ya maelekezo yake.

Kwa kutembea, hesabu hatua zake kwa dakika moja bila muziki. Kama ni 60, weka mapigo 60 kwenye simu, na uimbe wimbo wenye kushoto-kulia ulio wazi. Akishazoea, panda hadi 63, kisha 66. Mtaalamu wa fiziotherapia awe ubavuni pake muda wote. Wewe shika mapigo, yeye amshike mtu.

Mahali ambapo muziki unaumiza

Anayesikia sauti zisizokuwapo usimvalishe visikilizio vya muziki wala usimpe maneno yenye mafumbo. Aliyeamini ametumwa na Mungu usimwimbie nyimbo za kinabii. Ngoma inayopandisha taratibu, kwa muda mrefu, na watu wamezunguka duara, inaweza kumpeleka mtu kwenye hali ya kupandisha mashetani kama alivyozoea kwenye ngoma za kupunga pepo. Ikianza, punguza kasi, simama, mwite kwa jina, mpe maji, muuguzi aje. Usiishindanie na wala usiikemee.

Linda masikio, yao na yako. Kiwango cha sauti kinachovumilika kwa saa 8 ni desibeli 85, na kila ikipanda desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Ngoma nne chini ya bati zinapita hapo kwa urahisi, kwa hiyo toka nje, kaeni chini ya mti.

Vifaa

Nunua kidogo. Ngoma mbili za mkono, ilimba, kayamba, na gitaa kama unalijua. Ngozi italegea Januari mvua ikinyesha, uianike au uipashe moto kwa mbali. Julai upepo mkavu utaikaza mpaka ipasuke ukiiacha juani. Kinanda kifunike kwa kitenge, vumbi la Dodoma huingia kwenye kila kibonyezo. Vikayamba vya chupa ya maji na choroko vinafaa, ila gundisha kizibo, watoto wadogo humeza. Filimbi haichangiwi midomo.

Malipo

Kujitolea kuwe na tarehe ya mwisho. Zile wiki 12 za mwanzo fanya bure ikibidi, kwa barua inayosema hivyo, na barua hiyohiyo iseme kwamba baada ya hapo mtakaa kujadili malipo. Unapopanga bei, kumbuka kipindi cha dakika 45 hula saa mbili zako: maandalizi, nauli, kupanga chumba, kuandika. Kutoka mjini hadi Buigiri na kurudi, nusu ya siku imekwenda, kwa hiyo panga vipindi vitatu au vinne siku moja mahali pamoja. Ukifanya kwa jina la biashara, sajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na uwe na namba ya mlipakodi. Ukitaka shirika, ofisi ya msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali ipo hapahapa Dodoma.

Ombi la malipo lipeleke pamoja na ripoti ya ukurasa mmoja: watu wangapi walipewa rufaa, wangapi walimaliza, kila mmoja alianza wapi na ameishia wapi, na wawili au watatu ambao haikuwasaidia. Usiwafiche hao wa mwisho. Mfawidhi akiona umewaandika, ataamini na zile namba nyingine.

Kukua

Tafuta msimamizi wa kitaaluma mapema, hata kama yuko Pretoria au Nairobi na mnaonana kwenye simu mara moja kwa mwezi. Mpelekee kisa kimoja kilichokushinda, si kile kilichokwenda vizuri. Hapa karibu, ungana na mwanasaikolojia au muuguzi mzoefu mmoja ambaye unaweza kumpigia jioni ukiwa umebeba kilio cha mtu. Kazi hii huingia mwilini, hasa wiki ambayo mtoto uliyemzoea hakuja tena na hakuna anayekuambia kwa nini.

Shirikisho la dunia hufanya kongamano kila baada ya miaka mitatu. La 2020 lililopangwa Pretoria lilihamishiwa mtandaoni kwa sababu ya korona, na la 2023 likafanyika Vancouver, Kanada. Peleka andiko kuhusu unachokifanya hapa. Zeze wodini na mkazo wa Kiswahili kwenye tiba ya matamshi ni habari ambazo wenzetu wa huko hawana njia ya kuzipata isipokuwa zitoke kwako. Kabla ya kukusanya taarifa za wagonjwa kwa ajili ya utafiti, pata kibali cha maadili kwanza.

Mwaka wa tatu au wa nne, anza kufundisha watumishi wa mahali unapofanya kazi. Siku mbili zinatosha: wimbo wa kukaribishana, kuuliza familia maswali, kuhesabu na kuandika, na lini waache. Hao ndio watakaoendelea ukihamishwa. Na ukihamishwa kweli, usiondoke ghafla. Mwambie kila mtu vipindi vinne kabla, mvihesabu pamoja, na kwenye ukurasa wa mwisho wa faili lake uache orodha ya nyimbo zake: upi wa kumtuliza, upi wa kumwamsha, na upi usiimbwe mbele yake.